Mluzi, mkoromo na besi inayopotea: kuusaka ubovu kwenye muziki wa gari uliojifungia mwenyewe

Muziki wa gari uliofungwa uani, kwa vifaa vya Kariakoo na siku moja ya kazi, mara nyingi hupiga vizuri gari likiwa limezimwa. Matatizo huanza injini ikiwaka: mluzi mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta, besi inayopotea kwenye foleni, amplifaya inayojizima na kujiwasha, spika moja inayokoroma. Wengi hapo hukimbilia dukani kuulizia kichuja kelele. Kiache kwanza. Kichuja kelele kilichofungwa juu ya ethi mbovu (ethi ni njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi ya gari) hupunguza mluzi kidogo na kukuachia ethi ileile, na siku ukiongeza sauti unarudi ulikoanzia. Kila kelele ina mlango iliyoingilia, na mlango huo unapatikana kwa kuukata mfumo vipande vipande na kusikiliza kila kipande peke yake.

Vifaa vya kazi hii ni vichache. Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha. Tafuta plagi mbili za zamani za RCA, zile za nyaya zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, uchomelee kwa risasi ncha ya katikati igusane na ganda la nje. Hizo ni plagi za kuziba mdomo wa amplifaya. Chukua waya wa kutoka tundu la hedifoni la simu kwenda RCA, betri moja ya AA ya volti 1.5, na waya mrefu wa mita tano wenye klipu pande zote mbili. Kabla hujafungua chochote, toa kichwa hasi cha betri. Soketi za njano chini ya usukani na chini ya viti ni za eabegi, usizipige mita. Kwenye gari la haibridi, nyaya za rangi ya chungwa zinabeba umeme mkubwa unaoua, kwa hiyo waya wako wa moto, yaani ule unaotoa umeme betrini kwenda kwenye amplifaya, usipite karibu nazo.

Tuanze na mluzi, maana ndio unaosumbua wengi. Washa injini, acha gari silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, washa muziki kisha punguza sauti hadi sifuri. Piga resi kidogo. Kama mluzi unasikika sauti ikiwa sifuri na haubadiliki ukiongeza, unaingia baada ya redio, yaani kwenye nyaya za RCA au kwenye amplifaya yenyewe. Kama unakua kadiri unavyoongeza sauti, unaingia kabla ya kidhibiti cha sauti: kwenye redio, au kwenye kile unachopigia, kama simu iliyo kwenye AUX, lile tundu la redio la kuchomekea waya wa simu.

Sasa zima redio, chomoa nyaya za RCA nyuma ya amplifaya, chomeka zile plagi za kuziba, kisha washa tena. Mluzi ukibaki, sababu iko kwenye umeme wa amplifaya au ethi yake. Ukitoweka, amplifaya ni nzima na kelele inatoka mbele. Hapo toa plagi za kuziba na uchomeke simu moja kwa moja kwenye amplifaya, simu ikitumia chaji yake yenyewe bila kuunganishwa kwenye chaja ya gari. Ikipiga safi, ubovu uko kati ya redio na amplifaya iliyo kwenye buti. Plagi za kuziba ni za upande wa kuingilia sauti wa amplifaya tu. Ukizichomeka kwenye matundu ya redio unaweza kuiunguza.

Ethi ndiyo mshtakiwa wa kwanza, na hapa Dar ina maadui zaidi ya kawaida: jasho la hewa, chumvi ya bahari kwa wanaolaza magari Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, na maji ya masika yanayoingia chini ya kapeti na kukaa humo wiki nzima. Bolti iliyong'aa Januari inaweza kuwa na unga mweupe au kutu Juni. Usiipime ethi kwa ohm huku muziki umezimwa. Mita itakuonyesha sifuri na kukudanganya, kwa sababu inapitisha umeme kidogo mno kuweza kuonyesha ungio dhaifu. Ipime ikiwa kazini. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye skrubu ya GND (ya ethi) ya amplifaya, nyingine, kwa msaada wa ule waya mrefu, kwenye kichwa hasi cha betri. Piga wimbo wenye besi nzito. Ikisoma volti 0.1 au chini yake, ethi ni nzuri. Ikipita 0.2, umeme unapata shida kurudi. Ikifika 0.5, umeshampata mwizi.

Ili ujue ungio lipi, sogeza ncha hatua kwa hatua: kutoka skrubu ya amplifaya hadi kichwa cha waya, kutoka kichwa cha waya hadi chuma cha bodi, kutoka bodi hadi betri. Volti zinapotokea kati ya nukta mbili, ungio bovu liko hapo katikati. Mara nyingi ni kichwa cha waya kilichobanwa kwa koleo la kawaida, au bolti iliyofungwa juu ya rangi. Rangi ya gari haipitishi umeme. Bolti hiyo inapata umeme kupitia hesi zake tu.

Kuitengeneza: chagua chuma cha bodi kisichozidi nusu mita kutoka kwenye amplifaya, kwangua rangi kwa msasa hadi king'ae duara lenye upana wa sarafu ya shilingi mia mbili, weka wosha yenye meno, bana kwa bolti ya milimita 8, kisha paka grisi au rangi juu ya ungio lililokwisha kubanwa ili chumvi isiingie. Waya wa ethi uwe na unene uleule wa waya wa moto. Usitumie bolti ya mkanda wa usalama wala ya kiti, na ethi ya amplifaya mbili ziishie nukta moja. Ethi ya redio nayo ukiweza ipeleke kwenye chuma kizima cha bodi, si kwenye ule waya mwembamba uliokuwa wa kiwashia sigara.

Ethi ikiwa safi na mluzi bado upo, fuata nyaya za RCA. Waya wa moto upite upande mmoja wa gari, RCA upande wa pili; zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Waya wa RCA wa bei ya chini hauna wavu wa kutosha kuzunguka ile nyuzi ya ndani, na ukiukunja mita mbili zilizozidi ukaviringisha chini ya kiti unatengeneza antena. Nunua urefu unaokutosha.

Kuna ubovu mmoja unaowachanganya hata mafundi wazoefu. Baadhi ya redio, hasa za Pioneer, zina fyuzi ndogo sana ndani, iliyochomelewa kwenye bodi ya saketi, inayolinda ethi ya matundu ya RCA. Ukichomeka au kuchomoa RCA redio ikiwa imewashwa, au amplifaya ikikosa ethi hata kwa sekunde, umeme wa amplifaya hutafuta njia ya kurudi kupitia ganda la RCA na ile fyuzi hukatika. Redio inaendelea kupiga, lakini kwa mluzi mkali. Kuipima ni rahisi: zungushia waya mdogo kwenye ganda la plagi moja ya RCA nyuma ya redio, upande wa pili uguse bati la redio. Mluzi ukikata papo hapo, fyuzi imekwenda. Wengi huuacha waya huo hapo kama tiba, nao unafanya kazi. Dawa kamili ni fundi wa elektroniki kubadilisha ile fyuzi, na kuanzia hapo redio izimwe kila mnapogusa RCA.

Kabla ya kuimaliza habari ya mluzi, pima alteneta yenyewe. Injini ikiwaka, taa na kiyoyozi vikiwa vimewashwa, weka mita kwenye volti ndogo za AC (umeme geu) na uguse vichwa vya betri. Chini ya volti 0.05 hakuna neno. Ikipita 0.1, huenda dayodi moja ya alteneta imekufa, na hapo hata ufunge muziki upya mara kumi mluzi utakuwepo. Mpelekee fundi wa alteneta, gari lisije likakuachia njiani.

Mluzi unaotokea simu ikiwa kwenye AUX na wakati huohuo kwenye chaji, kisha ukatoweka ukichomoa chaja, ni mzunguko wa ethi mbili: simu inapata ethi kupitia chaja na kupitia waya wa AUX. Hapa ndipo kile kidude cha kutenganisha ethi kinapostahili pesa yake. Kinafungwa kwenye waya wa AUX, kina transfoma ndogo ndani. Bluetooth nayo inamaliza tatizo.

Tuje kwenye besi inayopotea na amplifaya inayojizima. Soma fyuzi zilizo kwenye ubavu wa amplifaya kabla ya kuamini maandishi ya boksi. Amplifaya iliyoandikwa wati 3000 ikiwa na fyuzi mbili za ampea 30, jumla ni ampea 60. Zidisha kwa volti 13.8: inavuta wati 828 tu ikiwa imebanwa kabisa. Ya daraja AB (daraja ni aina ya saketi, huandikwa kwenye amplifaya) itatoa spikani kama 500, ya daraja D kama 660. Hizo ndizo wati zako. Zilizobaki ni wino.

Waya wa moto una ujanja wake pia. Unene hupimwa kwa geji, na namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi. Waya wa geji 4 wa shaba halisi una chuma cha takriban milimita za mraba 21. Geji 8 una kama 8.4. Sokoni kuna waya mnene kwa nje, ganda la plastiki limejaa, ndani nyuzi kiduchu. Tena nyingi si shaba bali alumini iliyopakwa shaba. Kwangua nyuzi moja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Alumini hiyo inapitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo ukiununua panda saizi moja au mbili juu. Kwa mita tano kutoka betri hadi buti, ukivuta ampea 50, geji 4 ya shaba inapoteza kama volti 0.2, geji 8 ya shaba kama 0.5; geji 8 ya alumini kama 0.85. Na hapo hujahesabu ethi.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kichwa cha betri, na ukubwa wake ufuate waya. Kwa geji 4 ya shaba usivuke ampea 100, kwa geji 8 usivuke 50. Fyuzi ya buti peke yake haimlindi mtu: waya ukichubuka kwenye ukuta wa injini, moto unaanzia mbele ya fyuzi hiyo. Tundu la ukuta liwekwe raba, si tepu ya umeme. Gundi ya tepu kwa joto la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa huyeyuka, tepu inateleza, shaba inabaki uchi. Kwa sababu hiyohiyo maungio ya kusokota na kuviringisha tepu hayadumu. Yachomelee kwa risasi na kuyavika mpira unaosinyaa kwa joto.

Sasa foleni. Gari likiwa silensa Ubungo au Tabata, kiyoyozi kimewashwa, feni ya rejeta inafanya kazi, taa zinawaka, alteneta inazunguka polepole na haitoi uwezo wake wote. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6, injini ikiwaka unatarajia 13.8 hadi 14.4. Ikiwa kwenye foleni mita inaonyesha 12.3 kila besi inapopiga, umeme unatoka betrini kuliko unavyoingia, na amplifaya nyingi zitaanza kujizima kadiri unavyokaribia volti 10 au 11 kwenye skrubu zake. Pima pale pale kwenye skrubu za amplifaya, kisha betrini. Betri ikisoma 13.6 na amplifaya 11.9, tatizo ni waya na ethi. Zote zikiwa chini, tatizo ni alteneta, betri, au tamaa. Kapasita kubwa yenye taa za rangi haiongezi umeme. Inaficha mtikisiko wa nusu sekunde tu. Kwa mfumo unaovuta zaidi ya wati 1000, anza kwa kunenepesha nyaya tatu: alteneta hadi betri, betri hadi bodi, injini hadi bodi.

Amplifaya ikijizima baada ya dakika 20 au 30 na kurudi ikipoa, ni joto. Amplifaya chini ya kiti ikiwa imefunikwa kapeti haipumui. Iinue kwa vibao, iachie sentimita tano juu yake.

Taa ya ulinzi ikiwaka mara tu unapowasha, chomoa nyaya zote za spika. Ikizima, rudisha moja moja hadi upate iliyogusa bodi au spika iliyoungua. Ikibaki, chomoa RCA. Ikibaki tena, amplifaya ni ya kwenda kwa fundi. Ukipima spika ya ohm 4 kwa mita utasoma 3.2 hadi 3.8, hiyo ni kawaida. Subwufa (spika kubwa ya besi) yenye koili mbili za ohm 4 ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata 2; ukiziunga mfululizo, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, unapata 8. Yenye koili mbili za ohm 2 inakupa 1 au 4. Amplifaya nyingi za chaneli nne, ukiunga chaneli mbili ziwe moja, hazikubali chini ya 4. Hapa ndipo amplifaya nyingi mpya hufia: subwufa ya koili mbili za 2 imeungwa sambamba, amplifaya inaona ohm 1, inapiga wiki mbili kwa raha, kisha harufu.

Besi nyembamba hali kila spika inapiga, shuku chanya na hasi. Spika moja ikivuta huku nyingine inasukuma, besi zao zinaulana. Chomoa waya wa spika kwenye redio au amplifaya, gusisha betri ya AA, chanya kwa chanya. Koni itoke nje. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa. Kwenye redio nyingi za kununua, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Rangi za waya za Toyota zilizokuja na gari si hizo, kwa hiyo usiunge kwa kufananisha rangi. Nunua soketi ya Toyota ya pini 10 na ya pini 6 uepuke kukata nyaya za gari.

Sauti inayopasuka ukiongeza mara nyingi ni geini ya amplifaya. Geini inaoanisha nguvu ya redio na amplifaya, si kitufe cha kuongeza sauti. Chomoa spika, weka redio kwenye robo tatu ya sauti, besi na trebo sifuri, piga toni ya Hz 50 au 60 kutoka kwenye simu, kisha pima volti za AC kwenye matundu ya spika. Tumia Hz 50 na si 1000, maana mita za bei rahisi huchemka kwenye masafa ya juu. Kichujio cha amplifaya, kile kinachokata masafa, kizimwe wakati wa kupima. Volti unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara ohm: wati 75 kwa ohm 4 ni volti 17.3, wati 100 kwa ohm 4 ni 20, wati 300 kwa ohm 2 ni 24.5. Geini ikifikia hapo, iache. Halafu kata besi kwenye spika za mlango chini ya Hz 80, na subwufa uiachie chini ya Hz 80. Boksi la subwufa lenye tundu linahitaji pia kichujio cha kukata masafa ya chini kabisa, chini ya Hz 25 hadi 30, vinginevyo koni inapepea bila kutoa sauti hadi inapasuka.

Spika ya mlango inayokoroma baada ya masika imelowa. Nyuma ya kadi ya mlango kuna nailoni inayozuia maji. Fundi wa vioo akiichana na kuirudisha bila gundi, maji yanapiga moja kwa moja kwenye karatasi ya koni. Ikiwa sauti inakatika ukifungua mlango tu, fungua ule mpira uliokunjamana kati ya mlango na nguzo: waya umekatika ndani, ganda likionekana zima.

Redio ya FM ina yake. Redio za magari ya Japani hupokea kuanzia MHz 76 hadi 90, mpya kidogo hadi 95, ilhali vituo vyetu viko 87.5 hadi 108. Ile kasha ndogo ya kuongeza masafa inashusha vituo kwa kiasi kilichoandikwa juu yake: ikiwa ni 12, kituo cha 100.0 unakitafuta 88.0. Inahitaji waya wa moto wa ACC (unaopata umeme ukiwasha swichi tu) na ethi yake. Ikikosa ethi nzuri, vituo vyote vinasikika kwa mbali na mvumo. Mvumo ukianza siku ulipofunga kamera ya dashibodi au taa za LED za bei rahisi, chomoa plagi yake huku ukisikiliza, jibu utalipata hapo hapo. Na gari lenye antena ya kwenye kioo lina kiongeza nguvu kinachohitaji volti 12 kutoka waya wa bluu. Usipouunga, vituo vinavuma hata karibu na mnara.

Mwisho betri inayolala asubuhi. Gari likiwa limezimwa, milango imefungwa, funga mita ya ampea kati ya kichwa hasi na waya wake, kwenye tundu la ampea 10, na usiwashe swichi. Subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Chini ya ampea 0.05 ni sawa. Ikiwa ni 0.5 au zaidi, toa fyuzi kuu ya amplifaya. Usomaji ukianguka, angalia waya wa rimoti, ule unaoiwasha na kuizima amplifaya: mara nyingi umeungwa kwenye ule wa njano, unaobeba umeme muda wote. Uhamishie kwenye wa bluu wenye mstari mweupe, kisha pima tena.